NCHI JIRANI: Mulago na Vita Dhidi ya Saratani



Kila askari aliyepitia mafunzo anajua kwamba risasi haifyatuliwi gizani. Kwanza adui hutambuliwa: ni nani, amejificha wapi, ana nguvu kiasi gani, na amekwisha kuenea hadi wapi. Amri ya kushambulia hutolewa baada ya hapo. Katika nchi jirani ya Uganda, juu ya kilima cha Mulago mjini Kampala, kanuni hiyo hiyo imewaongoza madaktari kwa zaidi ya miaka 60 katika kupambana na saratani, maradhi ambayo watu wengi bado wanayahesabu kuwa ni hukumu ya kifo.

Historia ya Mulago inatoa fundisho lililo wazi. Zipo saratani zinazopona kabisa, lakini aghalabu hupona kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umetajwa kwa jina lake halisi na umetajwa mapema. Watu wengi hupoteza maisha kwa sababu ya muda unaopita bure kati ya siku uvimbe unapoonekana na siku kipande chake kinapowekwa chini ya hadubini.

Mwaka 1957 daktari mmoja wa hospitali ya Mulago, Hugh Trowell, alimwita mwenzake, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aje kumwangalia mtoto wa kiume wa miaka 5. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yake yalikuwa yamelegea. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, na ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza. Alikwisha kuona majipu mengi ya meno na maradhi mengi ya mifupa, lakini jambo hili halikulingana na lolote alilolijua. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja. Halivimbishi pande nne kwa mara moja.

Majuma machache baadaye alikwenda katika hospitali ya Jinja. Huko akamwona mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe mwingine ndani. Hapo ndipo alipotambua kwamba hayakuwa mambo mawili ya bahati mbaya yaliyotokea mahali pawili. Akarudi Mulago, akafungua majalada ya zamani ya wagonjwa, akakuta watoto wengine wengi waliofikwa na mkasa huo huo, kila mmoja akiwa ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa: huyu uvimbe wa taya, yule uvimbe wa figo, mwingine uvimbe wa jicho. Adui alikuwa mmoja, ila alikuwa amevaa sare nyingi. Mwaka 1958 Burkitt alitangaza habari hizo katika jarida la madaktari wapasuaji la Uingereza.

Hata hivyo jicho la mpasuaji peke yake halikutosha. Mulago ilikuwa na wataalamu wa patholojia, yaani madaktari wanaochunguza nyama ya mwili kwa hadubini, na ilikuwa na rejista ya saratani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wataalamu hao, miongoni mwao Jack Davies na Gregory O'Conor, walichukua vipande vya uvimbe, wakavikata vyembamba kuliko karatasi, wakavitia rangi na kuvitazama. Waliona chembe nyeusi zilizosongamana, na katikati yake madoa meupe yaliyotawanyika, mfano wa anga ya usiku yenye nyota. Chembe zile zilikuwa za jamii ya tezi za limfu, zile zinazoulinda mwili dhidi ya vijidudu. Burkitt mwanzoni alidhani kwamba ni saratani ya aina nyingine. Hadubini ikasahihisha. Leo duniani kote saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Swali lililofuata lilikuwa ni wapi adui huyo anapatikana. Burkitt alipeleka karatasi zenye picha za watoto wagonjwa katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri kwa muda wa majuma 10 kupitia Afrika Mashariki hadi Afrika ya Kusini na kurudi, safari ya kilomita 16,000 hivi. Walisimama katika hospitali moja baada ya nyingine, wakiuliza na kuandika. Kila askari wa doria ataitambua kazi ya namna hiyo.

Ramani iliyopatikana ilikuwa na maana kubwa. Ugonjwa ulionekana katika nchi za joto na mvua nyingi, na ulikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Palipokuwa na malaria kali kwa muda mrefu wa mwaka, ndipo limfoma ya Burkitt ilipokuwapo. Wakati huo huo vipande vya uvimbe vilikuwa vikipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikia Burkitt akitoa mhadhara mwaka 1961. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba ndani ya chembe hizo mna kirusi ambacho hakikuwa kikijulikana. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Utafiti uliendelea katika mipaka ya nchi hizi. Huko West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa katika miaka ya mwanzo ya 1970 na kuhifadhiwa. Ilionekana kwamba watoto waliopata saratani hiyo baadaye walikuwa na dalili nyingi za kirusi kile katika damu yao kabla hawajaugua. Nchini Tanzania, katika wilaya ya North Mara, kati ya mwaka 1977 na 1982 watoto waligawiwa dawa ya klorokwini ili kupunguza malaria, na kuona kama limfoma nayo itapungua. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, kwa hiyo wachunguzi hawakukata shauri. Wataalamu wanakubaliana leo kwamba kirusi na malaria ya mara kwa mara, vikimkuta mtoto mdogo pamoja, hufungua njia. Chandarua kwa hiyo hulinda zaidi ya homa.

Sasa tufikie tiba. Katika nchi tajiri za wakati ule saratani ilishambuliwa kwa kisu na kwa mionzi. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa kwa mtoto aliyevimba taya zote na tumbo. Burkitt akajaribu dawa: methotrekseti, saiklofosfamaidi na vinkristini. Matokeo yaliwashangaza hata waliozitengeneza. Watoto walioletwa wakiwa hawawezi kufumba mdomo walionekana baada ya siku chache uvimbe umenywea, na baadhi yao hawakuugua tena. Ugonjwa huu hukua upesi mno, kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Lakini chembe zinazogawanyika kwa haraka namna hiyo ndizo zinazopigwa vizuri na dawa. Nguvu ya adui ikawa ndiyo udhaifu wake.

Mwaka 1967, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya saratani ya Marekani, kilifunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, kikiongozwa na Dakta John Ziegler. Mwaka 1969 iliongezwa wadi ya saratani nyingine. Hiyo ndiyo asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Inafaa kueleza jinsi mabingwa wa mahali kama hapo wanavyofanya kazi, maana wagonjwa wengi huogopa wasichokijua. Daktari huanza kwa kuuliza: uvimbe ulianza lini, umekua kwa kasi gani, mgonjwa amepungua uzito, anatokwa jasho usiku? Kisha humpapasa mwili mzima, shingo, kwapa, tumbo na kinena. Damu hupimwa. Picha za eksirei na za altrasaundi huonyesha kilichomo kifuani na tumboni. Baada ya hayo ndipo hukatwa kipande kidogo cha uvimbe na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia.

Hatua hiyo ndiyo inayozua hofu nyingi. Yapo maneno mitaani kwamba saratani ikiguswa na chuma hukasirika na kuenea. Maneno hayo yamewaua watu. Kipande kile ndicho ushahidi. Askari polisi hawezi kumpeleka mtu mahakamani kwa sababu tu anafanana na mwizi. Na daktari vile vile hawezi kumtibu mgonjwa kwa dawa kali kwa sababu tu uvimbe wake unafanana na saratani. Tezi za shingo zilizovimba zinaweza kuwa kifua kikuu, ambacho kina dawa yake. Zinaweza pia kuwa limfoma, na mgonjwa akanywa dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi huku saratani ikisonga mbele. Makosa ya namna hiyo hutokea katika nchi zote za sehemu hizi, na huzuiwa kwa kipande kidogo cha nyama na hadubini.

Jina likijulikana, hufuata kupima kiasi cha kuenea. Kwa limfoma ya Burkitt madaktari huchunguza uboho wa mifupa, na huchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano, kwa kuwa chembe za ugonjwa hupenda kujificha kwenye ubongo. Madaktari wa Mulago waliona katika miaka ile ya mwanzo kwamba mtoto anaweza kupona taya na tumbo, kisha ugonjwa ukarudi kupitia kichwani. Ndipo ilipoonekana haja ya kuingiza dawa katika maji ya uti wa mgongo.

Dawa zenyewe nazo zina hatari zake. Uvimbe mkubwa ukifa kwa siku chache, mabaki yake humiminika katika damu na yanaweza kuziba figo. Kwa hiyo mgonjwa hupewa maji mengi ya dripu kabla na baada ya dawa, na mkojo wake hupimwa. Dawa hupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo mgonjwa hushambuliwa upesi na maradhi mengine. Nywele hunyonyoka, na baada ya tiba huota tena. Mambo hayo yote huelezwa kwa mzazi mapema ili asishtuke na kumtorosha mtoto wadini. Mtoto anayetoroshwa baada ya dozi ya kwanza kwa kuwa uvimbe umenywea anarudi nyumbani na adui aliyejeruhiwa tu, na adui wa namna hiyo hujipanga upya.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani, mojawapo ya tuzo kubwa za utabibu duniani, ilitolewa kwa watu waliochangia tiba ya saratani kwa dawa. Miongoni mwao walikuwamo Burkitt, Ziegler, na Victor Anomah Ngu wa Kameruni. Lakini mwaka huo huo Uganda ilikuwa katika mwaka wa pili wa utawala wa Idi Amin. Wataalamu wa kigeni waliondoka, na uongozi wa taasisi ukashikwa na Mganda, Profesa Charles Olweny. Dawa zilikuwa haba, vipuri havikupatikana, na wasomi wengi walikuwa wakiikimbia nchi. Hata hivyo wadi ziliendelea kupokea wagonjwa. Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala, Mulago ilikuwa ingali ina wauguzi waliobaki katika lindo lao. Wauguzi hao nao wanastahili heshima ya askari asiyeiacha zamu yake.

Yapo pia mafunzo ya uchungu. Mwaka 1995 Mulago ilipata mashine ya mionzi ya kobalti. Kwa miaka mingi mashine hiyo iliwahudumia wagonjwa wa Uganda na wengine waliovuka mpaka kutoka Rwanda, Burundi, Kongo na Sudani ya Kusini. Kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa, itumike isitumike, na mashine yenyewe huchakaa kama chombo kingine chochote. Ilikarabatiwa na kukarabatiwa, mpaka mwaka 2016 ikaharibika kabisa. Wagonjwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo mara nyingi haitibiki vema bila mionzi, wakabaki bila tiba ile. Hospitali ya Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, tendo la ujirani mwema, lakini waliohitaji walikuwa wengi kupita idadi hiyo. Mashine mpya ilianza kazi rasmi Januari 2018. Kila anayetunza silaha au gari la kikosi anaelewa maana ya habari hii: chombo kisichotengewa fedha za matengenezo na cha kukirithi siku kitakapochoka, kitaikatiza kazi katikati ya mapambano.

Tangu wakati huo taasisi ya Uganda imeimarika. Imepewa sheria yake yenyewe, ina jengo la utafiti na matibabu lililofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na kituo cha Fred Hutchinson cha Marekani, na inawafundisha madaktari wa nchi za Afrika Mashariki. Majirani wengine nao hawakukaa. Rwanda ilianza mwaka 2011 kuwachanja wasichana wa umri wa shule dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo kwa taifa zima, na mwaka 2012 ikafungua kituo cha saratani huko Butaro, mashambani kabisa. Tanzania ina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897.

Pamoja na hayo yote, kosa moja bado linaonekana katika vituo hivyo vyote: wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Katika nchi tajiri watoto wapatao 9 katika kila 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Dawa zao ni nyingi na zina nguvu zaidi, ni kweli. Lakini mtoto wa huko hufika hospitali ugonjwa ukiwa mchanga, na humaliza tiba. Mtoto wa huku aghalabu hupitia kwanza kwa mganga, kisha kwenye duka la dawa, kisha hung'olewa meno mawili matatu yasiyo na kosa, na uvimbe unaoongezeka mara mbili kwa siku mbili haumngoji.

Kwa mpiganaji na askari polisi, jambo hili lina uzito wa pekee. Amefundishwa kuvumilia maumivu, na uvumilivu huo ni sifa njema vitani. Mbele ya saratani hugeuka kuwa mtego. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na askari hujiambia kwamba kisichouma hakina neno. Kidonda kisichopona kwa wiki nyingi, hasa juu ya kovu la zamani la moto au la jeraha, kionyeshwe kwa daktari, kwa kuwa makovu ya namna hiyo yanaweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi. Kikohozi kisichokwisha, damu katika choo au mkojo, sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu, kukonda bila sababu, shida ya kukojoa kwa mtu wa makamo, donge katika titi la mke au mama, damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke, na taya linalovimba au meno yanayolegea kwa mtoto: hizo ni dalili za kupeleka taarifa. Nyingi kati yake huwa si saratani. Kujua kwamba si saratani nako ni ushindi.

Mganga wa kikosi, kwa upande wake, ndiye mlinzi wa lango la kwanza. Akiona uvimbe unaokua, asirudie vidonge vile vile mara tatu, aandike rufaa. Mkuu wa kikosi ampe askari wake ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa, na ampe muda wa kurudi kwa dozi ya pili, ya tatu na ya nne. Na askari avutaye sigara kambini akumbuke kwamba analipa fedha zake mwenyewe kumpatia adui riziki. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo ni kinga, kwa kuwa kirusi hicho huleta saratani ya ini, na anayefanya kazi kati ya damu na majeraha yuko karibu nacho.

Yule mtoto wa mwaka 1957 aliwafikia watu waliokubali kusema kwamba hawaujui ugonjwa wake, kisha wakauchunguza mpaka wakaujua. Maelfu ya watoto wamepona tangu siku ile kwa sababu hiyo. Uchunguzi ule umekwisha kufanywa, na dawa zipo. Kilichobaki kwa kila familia, katika kambi na nje ya kambi, ni kufika mapema na kukaa katika tiba hadi mwisho.